Gari la marehemu baba linanigombanisha na mume wangu, na fundi anataka kufungua injini

Shikamoo mshauri,

Nimekuwa nikisoma safu hii kwa muda mrefu na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaandika, tena kuhusu gari. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba si gari peke yake.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Aliniachia gari lake la dizeli, silinda nne, lenye tabo ya kusukumia hewa kwenye injini. Sasa lina miaka 24 na limeshatembea kilomita 312,000. Kaka zangu hawakulitaka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi nilipokuwa mdogo, jioni akiinamia injini, na ndani ya kisanduku cha dashibodi bado kuna kidaftari chake. Kila alichobadilisha amekiandika kwa penseli, kilomita pembeni. Mstari wa mwisho unasema: "281,400. Filta ya dizeli mpya. Maji nimemwaga."

Miaka mitatu ya kwanza halikunisumbua. Tangu mwaka jana kila asubuhi ni vita. Napiga stata, injini inazunguka weee, haishiki. Mara ya nne au ya tano inashika kwa kusuasua, inamisi, gari zima linatetemeka, na nyuma unatoka moshi mweupe unaowasha macho wenye harufu ya dizeli mbichi. Baada ya dakika mbili tatu moshi unakatika, injini inatulia, na siku nzima linawaka nikigusa tu ufunguo. Kuna jambo nililomtajia fundi akacheka: nikilala kwa dada yangu, ambako uwanja umeinama na gari linalala pua chini, asubuhi linawaka bila tabu. Kwetu linalala pua juu.

Miezi ya karibuni limeongeza jingine. Nikipanda mlima linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi, na mbele nasikia upepo unavuja, fssss, nikikanyaga mafuta. Nikiachia, sauti inakoma.

Fundi ni rafiki wa baba. Namwita baba mdogo, naye ananiita mwanangu. Alianza na betri mpya. Kisha hita plagi mbili. Kisha filta ya hewa. Kisha akasema pampu ya dizeli imechoka, ikashushwa, ikatengenezwa, ikarudishwa. Pampu ndiyo iliyonimaliza mfukoni, na asubuhi iliyofuata moshi ulikuwa uleule. Sasa anasema ringi za pistoni zimekwisha, lazima injini ishushwe na ifunguliwe yote. Oili siongezi sana, labda nusu lita kati ya sevisi na sevisi. Maji ya rejeta hayapungui. Asubuhi nyingine kijana wa jirani hunipulizia dawa ya kopo kwenye mdomo wa filta ya hewa, injini inashtuka na kuwaka kwa kishindo.

Mume wangu anataka liuzwe. Aliniambia natunza kaburi lenye matairi. Neno hilo liliniuma, nikakaa siku mbili bila kusema naye. Lakini siwezi kumlaumu sana maana hajui yote. Pesa za pampu nilizitoa kwenye akiba tunayowawekea watoto, na sikumwambia. Nilidhani gari likipona nitazirudisha kimyakimya.

Mnunuzi amepatikana, anakuja wiki ijayo asubuhi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amenishauri niliwashe alfajiri, lipate moto sawasawa, nilizime mgeni akikaribia. Litawaka mara moja na hatajua kitu. Mume wangu alisikia akanyamaza, nami nimekuchukulia kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Nikikubali injini ifunguliwe, naingia kwenye deni. Nikienda kwa fundi mwingine, nimemvunjia baba mdogo heshima. Nikiuza kwa ujanja wa shemeji, nimemdanganya mtu. Nikisema ukweli, nitapewa bei ya chuma chakavu. Na nikiliuza kwa njia yoyote, sijui nitamkuta wapi tena baba. Nishauri.

Mwenye kidaftari

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba, na pole kwa mwaka huu wa kusukumana na gari huku moyoni una mambo mengine. Umeandika kwa uangalifu kama alivyokuwa akiandika yeye, na uangalifu huo ndio utakaokusaidia.

Nikikuelewa, una mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja. Kuna gari linalokataa kuwaka asubuhi. Kuna siri ya pesa kati yako na mumeo. Kuna baba ambaye hujamaliza kumuaga. Fundi anavuta upande wake, mumeo wake, shemeji wake, na fundo linazidi kukaza. Naomba tulilegeze kwa kuanzia na gari, kwa sababu ndilo pekee kati ya hayo matatu linaloweza kupimwa.

Mimi si fundi. Barua yako nilimsomea fundi wa dizeli ambaye namwamini kwa miaka mingi. Nilipofika kwenye habari ya uwanja wa dada yako alinisimamisha. "Hapo hapo, rudia," akasema. Hakucheka.

Alinieleza hivi. Injini ya dizeli haina plagi za kupiga cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda hadi nafasi yake inapungua mara 16 hadi 22 au karibu na hapo kwa injini za umri wa gari lako, mpaka inapata joto la zaidi ya digrii 500. Dizeli ikipulizwa kwenye joto hilo inawaka yenyewe. Kwa hiyo asubuhi unahitaji betri na stata za kuzungusha injini kwa kasi, ringi na valvu za kuibana hewa, hita plagi za kupasha chumba, na dizeli iliyofika bila mapovu. Kimoja kikilegea, unapata kile ulichokieleza: dizeli inaingia, haiungui, inatoka ikiwa moshi mweupe unaowasha macho. Kama moshi ule ungekuwa maji yanayopita kwenye gasketi ya hedi, yaani sili ya kichwa cha injini, ungesikia harufu tamutamu na rejeta ingekuwa inapungua. Umesema haipungui.

Sasa jiulize: ringi zilizokwisha zinajuaje kwamba umelala kwa dada yako? Ringi zikiisha, zimeisha pua ikiwa juu na pua ikiwa chini. Dizeli ndiyo inayojua mteremko. Ikiwa tangi liko nyuma, gari likilala pua juu injini inakuwa juu ya tangi. Mrija mmoja wa mpira uliokauka kwa uzee, au sili ya filta iliyokaa vibaya, unaingiza hewa kidogokidogo usiku kucha, na dizeli inarudi tangini. Asubuhi pampu inavuta hewa kwanza. Pua ikiwa chini, tangi linakuwa juu na dizeli inabaki ilipo. Ufa wa namna hiyo unaweza usidondoshe hata tone, kwa kuwa upande ule mrija unafyonza, hausukumi. Ndiyo maana watu huupita wakaenda kushusha pampu.

Sikwambii kwamba ndivyo ilivyo kwako. Dalili moja si ushahidi. Wewe mwenyewe umesema zilibadilishwa hita plagi mbili kwenye injini ya silinda nne. Zile mbili nyingine nani alizipima? Na rilei inayozipelekea umeme? Tena kidaftari cha baba kinasema filta ya dizeli ilibadilishwa kwenye 281,400, nawe uko 312,000. Kwenye orodha yako ya vilivyobadilishwa kuna kila kitu isipokuwa filta hiyo. Pengine ilibadilishwa ukasahau kuniandikia. Uliza.

Kuna vitu unavyoweza kuviangalia mwenyewe kabla ya mtu kushika spana. Usiku mbili ligeuze gari hapo nyumbani lilale pua chini, usiku mbili liache pua juu kama kawaida, na usibadilishe kitu kingine. Asubuhi ya tano, likiwa limelala pua juu, kabla ya kupiga stata ibonyeze pampu ndogo ya mkono iliyo kwenye filta, kama gari lako linayo. Ikiwa laini kama mpira mtupu, kisha ikajaa na kuwa ngumu, na gari likashika papo hapo, hewa imejitaja yenyewe. Fundi anaweza kuthibitisha kwa kuweka kipande cha mrija angavu karibu na mahali dizeli inapoingia kwenye pampu, akatazama kama mapovu yanapita. Kipande hicho kiondolewe baada ya kipimo. Wakati huo wewe usiguse mirija ya chuma inayokwenda kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, injini ikiwa inanguruma, wala usitafute uvujaji pale kwa kidole. Dizeli ya upande ule ina shinikizo la kutoboa ngozi.

Vingine ni vya multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme. Betri iliyolala usiku isome karibu volti 12.6, na stata ikizungusha isishuke sana chini ya 10. Hita plagi nzima kwa kawaida husoma chini ya omu 2, na iliyokatika haisomi kitu. Halafu kuna kipimo ambacho mtu yeyote anayetaka kufungua injini yako anapaswa kuwa nacho mkononi kwanza: kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne, namba nne zilizoandikwa kwenye karatasi. Dizeli yenye afya husoma kuanzia bar 20 na kitu hadi zaidi ya 30, kutegemea aina ya injini, na kinachotazamwa zaidi ni kama moja imeachwa mbali na wenzake. Nusu lita ya oili kati ya sevisi na sevisi si tabia ya injini inayokunywa oili, na hukutaja moshi wa buluu, ule wa oili inayoungua, hata mara moja. Hata hivyo barua haipimi ringi. Inawezekana baba mdogo yuko sahihi. Namba zikitoka mbaya nitakuwa wa kwanza kukwambia umsikilize.

Moshi mweusi wa mlimani uweke mbali na huu wa asubuhi. Mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, na ile fssss inayokuja ukikanyaga mafuta inaelekeza kwenye mpira mkubwa unaopeleka hewa kutoka tabo hadi kwenye injini. Injini ikiwa baridi, upapase wote, hasa upande wa chini na penye klipu. Mpira uliopasuka mara nyingi huwa na utando wa oili pale pale penye ufa. Ukiwa mzima, yapo masizi kwenye valvu inayorudisha moshi, na zipo nozeli zinazodondosha.

Jambo moja tu nitakuomba kwa mkazo: ile dawa ya kopo ikomee leo. Inawaka kwa joto dogo sana kuliko dizeli. Hita plagi zikiwa za moto inaweza kulipukia kwenye njia ya hewa, au ikalipuka ndani ya silinda pistoni ikiwa bado inapanda. Kile kishindo unachokisikia ni pistoni na ringi zinapigwa nyundo. Injini nzima ikizoeshwa hivyo inaweza kuharibika kweli.

Nirudi kwa baba mdogo. Unaona kwamba kumuuliza ni kumvunjia heshima. Huenda. Lakini fikiria pia kwamba naye alifiwa. Gari hili ni la rafiki yake, na kila unapolipeleka anaona mkono wa rafiki yake humo ndani. Mtu wa namna hiyo anaweza kubadilisha kitu baada ya kitu kwa sababu hataki kukuambia, "Mwanangu, sijui." Unaweza kwenda na kidaftari, ukakiweka juu ya boneti mbele yake, ukamwambia: "Baba mdogo, kabla hatujafungua, tuandike humu kompresheni ya silinda nne na hali ya mipira ya dizeli, kama baba alivyokuwa akifanya." Humpimi yeye, mnapima injini pamoja. Akikubali, umepata jibu na uhusiano umebaki. Akisema hana kifaa, mwombe ruhusa mkapime kwingine mkiwa wote wawili. Akikasirika, utaumia, na itabidi uchague kati ya uchungu huo na deni la injini inayofunguliwa kwa kukisia. Uchungu upi unauweza, unajua wewe.

Kwa mumeo nataka nikuulize polepole. Alipokwambia kaburi lenye matairi, alikuwa amewahi kukishika kidaftari kile, akasoma maandishi ya baba mkwe wake? Au anachokiona ni mke anayetoka asubuhi amechelewa, ananuka dizeli, hasemi? Neno lake lilikuwa kali na silitetei ili likuume kidogo. Lakini wewe ulikuwa na siri tayari, na mwenye siri huisikia kila kauli kwa ukali zaidi. Hata kule kunyamaza kwake mbele ya mdogo wake umekutafsiri bila kumuuliza. Inawezekana alikubali. Inawezekana pia aliona aibu na hakutaka kumsuta ndugu yake mbele yako.

Pesa za watoto zina njia mbili, na zote zina maumivu. Unaweza kumwambia kabla ya vipimo, mikono mitupu, na huenda akasema liuzwe leo leo. Unaweza kungoja upate namba uende naye ukiwa na la kumwonyesha, lakini hapo habari njema inaweza kuonekana kama hongo, na kila siku unayongoja ni siku anayoweza kufungua hesabu ya akiba akajionea mwenyewe. Mimi moyo wangu unavutwa na njia ya kwanza. Wewe unamjua anavyopokea mambo, na saa zake za kusikia.

Na mnunuzi. Neno "nimemdanganya mtu" uliliandika wewe, kwa hiyo sina haja ya kukuhubiria. Nikuongezee la kiutendaji tu: mtu aliyewahi kumiliki dizeli kuukuu akifika huweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Akiikuta ya moto, huenda asiamini hata yale ya kweli utakayomwambia. Unaweza kumwomba asogeze siku, umweleze kwamba linachunguzwa. Anaweza kukupotea, na mnunuzi wa gari la miaka 24 hapatikani kila siku. Unaweza kumwacha aje, aliwashe mwenyewe likiwa baridi, umpe na karatasi ya kompresheni. Namba zikiwa nzuri, gari lenye kasoro ya mpira halina sababu ya kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Zikiwa mbaya, mtauziana mkijua nyote mnachouziana, na bei itashuka.

Kubaki nalo nako kuna gharama. Hata asubuhi zikitengemaa, gari la umri huu litaomba tena. Kama injini yako ina mkanda wa taimingi, ule unaoenda sambamba na pistoni kufungua valvu kwa wakati wake, tafuta kwenye kidaftari ulibadilishwa lini. Ukikuta umepita kiwango cha mtengenezaji, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabla ya safari ndefu, maana kwenye injini nyingi za dizeli ukikatika valvu hukutana na pistoni, na hapo kufungua injini hakutakuwa tena suala la kubishania. Mkiamua kubaki nalo, ingefaa wewe na mumeo mkae mtaje kiasi ambacho gari likikizidi kwa mwaka, mtalizungumza upya.

Umeuliza utamkuta wapi baba. Sina jibu la hilo, mwanangu, na sitajifanya ninalo. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba hukuandika chochote kuhusu usukani wake wala kiti chake. Umeandika tochi, na mstari wa penseli. Kidaftari hakimo kwenye mauzo, hata gari likiondoka. Ukiliuza ukalia, lia. Ukibaki nalo kwa sababu unalipenda, hiyo pia ni sababu, mradi watoto wasilipe bila baba yao kujua.

Kama kuna kurasa zimebaki, anzia chini ya mstari wake wa mwisho: kilomita, pua juu au chini, stata imepigwa mara ngapi, moshi rangi gani. Asubuhi tano. Kisha niandikie, nitamsomea yule fundi aliyeniambia nirudie, naye anasubiri kujua kama ni hewa.